Cheki Isiyo na Tarehe

Nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani, mjini Amu, ilianza kuvuja mwaka aliofariki mume wangu. Vyumba vya juu nilikuwa nikiwakodishia wageni, na mgeni gani atalala chumba chenye mabeseni ya kukinga maji? Nikaenda kwa binamu ya marehemu, muuza mbao anayekaa ng'ambo ya kichochoro chetu, nimkope pesa za dari. Hakutaka riba, alitaka cheki. Nikamwambia akaunti yangu haina kitu.

"Najua, Shemeji," alisema. "Hii ni amana tu. Itie sahihi, tarehe iwache."

Nikatia.

Wageni walipoadimika, malipo yangu yakasimama. Hakunigombeza, wala salamu hakuzikata. Aliandika tarehe mwenyewe, akaipeleka cheki benki, ikarudi bila kulipwa, kisha akaenda polisi. Askari aliyekuja kunichukua alikuwa kijana mpole. Alinisubiri nivae buibui. Njiani nilimuuliza tangu lini kudaiwa kumekuwa jinai.

"Kudaiwa si kosa, Bi," alinijibu. "Kosa ni cheki."

Kaka yangu alinidhamini. Hakimu akaamuru nisitoke kisiwa cha Amu bila ruhusa ya mahakama, na kesi ikawa ya kuahirishwa: mara shahidi hayupo, mara faili halionekani. Sikuwa nimewahi kuona kisiwa hiki ni kidogo. Nikifungua dirisha, naliona duka lake. Nikienda sokoni nakutana naye, na kichochoro ni chembamba, lazima mmoja wetu ajibane ukutani mwenziwe apite. Tulipeana salamu vivyo hivyo.

Asubuhi moja mkwe wangu alipiga simu kutoka Mbwajumali, kisiwa cha jirani, kuniambia binti yangu amejifungua mwanawe wa kwanza. Nikaenda mahakamani mbio kuomba ruhusa ya kuvuka. Karani akasema hakimu yuko likizo. Basi mjukuu wangu nilimwogesha kwa simu, nikimwelekeza mamake namna ya kumshika shingo, mpaka mtandao ukakatika. Hakimu aliporudi, ombi langu nalo likaahirishwa.

Kesi iliposikizwa hatimaye, sikuwa na wakili. Shemeji aliapa, akaeleza yake. Hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi. Nikashika ukingo wa kizimba.

"Shemeji, siku nilipokupa ile cheki, hukujua akaunti yangu haina kitu?"

Aliutazama msahafu alioapia.

"Nilijua," alisema.

Hakimu akaniachilia. Alisema aliyeipokea hundi hakudanganywa, na kama ana deni lake, akalidai kwa kesi ya madai.

Siku ya pili nilipanda boti ya Mbwajumali. Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kukaa. Nilipompakata alinitazama usoni, kisha akamlilia mamake.

Shemeji naye alilidai deni lake, na hapo sikuwa na la kujitetea. Tulikubaliana achukue chumba cha chini, kodi yake ikatwe kwenye deni mpaka limalizike. Ilikuwa sebule yetu. Sasa ni ghala la mbao zake, na ufunguo wa mlango mkubwa anao yeye pia. Kila asubuhi nawasikia wapagazi wake wakiingia kabla sijashuka.