Mwiko wa Hortense na Mafuta ya Zénon

Hortense hakupenda kuambiwa apumzike. Ukitaka ugomvi naye, mwambie tu, "Mama, keti, sisi tutafanya." Watu wa Alby, kitongoji cha Stockholm alikoishi, walilijua hilo na wa kanisani wakalijua zaidi, lakini kila mwaka hakukosekana mmoja wa kujaribu bahati yake.

Alikuwa mwanamke wa Uvira, Kongo, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alifika Stockholm mwaka 2004, mjane, na wasichana wawili: Nicole wa kumzaa mwenyewe, na Darlène, mtoto wa marehemu mdogo wake. Walitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na ndani ya mzigo wao mlikuwa na mwiko. Si mwiko wa jikoni kwako. Huu ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe, wa kusongea bugali, yaani ugali, wa watu wa matanga. Pale uwanja wa ndege mtu wa forodha aliugeuza huku na huku, hajui ni silaha au ni nini. Hortense hakuwa na neno hata moja la Kiswidi. Akampokonya, akapanua miguu, akasonga hewa mbele ya foleni nzima mpaka yule bwana akacheka na kuwapitisha.

Kwa watu wa kanisa lao, Wakongo na Warundi waliosali katika ukumbi wa kukodi kule Hässelby, kushika mwiko kulikuwa cheo. Harusi au matanga, bugali ulisongwa na mtu mmoja, na huyo ndiye aliyemega tonge la kwanza na kumlisha mwenye shughuli kwa mkono wake. Siku mikono ikimshinda, anakabidhi mwiko mbele ya watu, anapigiwa vigelegele, kisha anahamia kwenye viti vya wazee kuletewa sahani. Wapo waliolingojea hilo kwa hamu. Hortense aliona ni kuzikwa huku unapumua, na alisema hivyo waziwazi, hata mbele ya wazee wenyewe.

Ndipo vidole vikaanza. Mwanzoni vilikaza asubuhi tu, kwenye jiko la shule alikofanya kazi, akishindwa kufungua makopo. Baadaye vifundo vilivimba, pete ikagoma kutoka. Daktari wa zahanati alipiga picha akasema gegedu za vidole zimelika, Waswidi huita artros. Sisi tungesema baridi yabisi na kuendelea na shughuli zetu. Alipewa vidonge, akafundishwa mazoezi, na mtaalamu wa mikono akamwonyesha vijiko vilivyozungushiwa sponji nene, ili mtu asihangaike kukunja ngumi. Hortense alivitazama vile vijiko kwa dharau. "Hivi ni vya mtoto anayeota meno," akasema, akaenda zake.

Majira ya baridi ya 2013 Darlène akatangaza ndoa. Harusi ingekuwa Mei. Hortense alikuwa amemwahidi mdogo wake, pale kitandani alipofia, kwamba tonge la harusi la mtoto huyu litatoka mkononi mwake na si mwa mwingine. Darlène alijua. Kanisa zima lilijua, maana Hortense si mtu wa kuficha ahadi.

"Mama Nicole," akasema Emérithe, mke wa mchungaji, Mrundi mpole wa maneno na mgumu wa moyo, "harusi hii wewe ni mama wa bibi harusi. Kaa mbele upendeze. Mwiko tuachie sisi."

"Nitakaa nikizeeka," Hortense akamjibu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Nyumbani alifunga mlango wa bafu akajaribu kukunja ngumi. Vidole havikufika kiganjani. Aliogopa kweli siku ile, na hofu ikamtia hasira.

Hapo ndipo akatokea shemeji Zénon, mdogo wa marehemu mumewe, mkazi wa mtaa wa Rinkeby, mfanyabiashara asiye na duka. Begani alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko chupa ndogo za mafuta zenye picha ya jani.

"Hili jani nalijua," Hortense akasema. "Unaniletea bangi nyumbani kwangu?"

"Ni ndugu yake bangi, shemeji, lakini huyu hana ulevi. Kile cha kulewesha wamekitoa. Kilichobaki kinaitwa CBD. Unapaka, maumivu yanakwisha. Rafiki yangu Uholanzi ana mzee wake alikuwa hainuki kitandani, leo anaendesha baiskeli."

"Waholanzi wote wanaendesha baiskeli. Hiyo si dawa, ndivyo walivyo."

Lakini chupa aliichukua. Mtu anayeumwa haachi mlango bila kuugonga. Nicole, ambaye alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea, aliiona chupa akashika kiuno. "Mamma, snälla," akaanza, yaani mama tafadhali, na hayo mengine yote akayamwaga kwa Kiswidi: kwamba hakuna ajuaye mna nini ndani ya chupa ile, kwamba kile cha kulewesha kikibaki hata kidogo ni kosa la sheria, na kwamba lazima daktari aulizwe. Kwa mara ya kwanza Hortense hakubisha. Walikwenda kuuliza.

Daktari, msichana mdogo, hakucheka wala hakukaripia. Alisema panya wa maabara wamepimwa na kuna dalili za kutia moyo, ila kwa watu wenye viungo kama vyake utafiti wa kutosha haupo. Yeye asingemshauri kutumia chupa isiyojulikana. Vidonge asiviache.

"Kwa hiyo hujui kama yanasaidia," Hortense akasema.

"Sijui," daktari akakubali.

Hortense alimpenda kwa neno hilo. Ila kuambiwa asitumie kulimchokoza, na kuchokozwa ndiko kulikomfanya apake. Alipaka mkono mmoja tu, wa kulia, ili mafuta yakitaka sifa yasinyang'anyane na vidonge. Wa kushoto aliuacha hivyohivyo. Theluji ikashuka, mikono yote miwili ikauma. Kukapita siku za ahueni, akashangilia mkono wa kulia, kisha akakumbuka kukunja wa kushoto, nao ukakunjika vilevile. Zénon akipiga simu kuuliza, anajibiwa, "Bado." Kila wiki bado.

Siku moja Emérithe alikuja kumjulia hali, akaona chupa dirishani, akaona jani. Hakuuliza. Jumapili iliyofuata ukumbi mzima ulikuwa na habari kwamba Mama Nicole anavuta bangi. Baada ya ibada kina mama walikutana jikoni kupanga chakula cha harusi, na Emérithe akasimama.

"Mikono inayopakwa bangi haitagusa chakula cha kanisa," akasema. "Sisemi kwa ubaya."

Kabla Hortense hajafungua mdomo, Zénon alikwishaingia na mfuko wake. "Ni dawa, wala si bangi," akasema. "Muulizeni yeye mwenyewe. Shemeji, waambie umepona."

Wote wakamgeukia. Alikuwa na njia nyepesi, na aliiona. Aseme amepona, mwiko ubaki wake. Nani angebisha, wakati yeye ndiye mwenye vidole? Kisha kila bibi mwenye magoti mabovu pale ndani angetoka na chupa ya Zénon kwenye pochi, na wengine wangeacha vidonge vyao. Hortense alimtazama shemeji yake, akamtazama mke wa mchungaji, na wote wawili wakamchosha.

"Huu nimeupaka," akasema, akiinua mkono wa kulia. "Huu sijaupaka. Baridi ikikaza inalia yote miwili, ikilegea inanyamaza yote miwili. Mafuta yako hayajanisaidia kitu, shemeji. Pengine yatamsaidia mwingine, sijui, na daktari kasema hajui, basi na wewe usijifanye unajua. Na wewe, Mama Mchungaji, sijavuta bangi. Ulikuwa na mdomo wa kuniuliza pale sebuleni kwangu, na chai yangu ulikunywa."

Zénon alifunga mfuko taratibu. Emérithe aliinamisha macho kidogo, lakini hakuachia.

"Basi mikono bado ni mibovu," akasema. "Mwenyewe umesema. Si ndiyo sababu ya kukabidhi mwiko?"

Emérithe alikuwa amesema kweli, na Hortense ndiye aliyempa hiyo kweli.

"Mibovu, ndiyo," Hortense akasema. "Nani aliwaambia kwamba mwiko unashikwa na mikono isiyouma? Wengine wenu mliniona Nyarugusu nikisonga kwenye matanga ya mdogo wangu. Mlidhani siku ile siumwi?"

Akavaa koti akatoka.

Siku ya harusi alifika jikoni mapema, kabla hajatokea wa kumzuia. Kwenye mpini wa mwiko alikuwa amezungusha kitenge cha marehemu mdogo wake, mikunjo kwa mikunjo, mpaka ukawa mnene na ngumi haikuhitaji kufungwa. Vile vijiko alivyovidharau vilikuwa vimemkaa kichwani. Sufuria kubwa ikainjikwa, na Emérithe alipofika akautazama ule mpini, akaacha ubishi, akashika sikio moja kwa kitambaa na Nicole sikio la pili. Maji yakachemka, unga ukamiminwa, Hortense akaanza.

Aliumia. Bugali ulipokuwa uji aliumia vidole, ulipokaza aliumia mpaka kwenye viwiko, na machozi yakamtoka bila kujificha.

"Nikupokee?" Emérithe akauliza kwa sauti ndogo, na safari hii kweli hakukuwa na ubaya ndani yake.

"Shika sufuria."

Kule mwishoni, pale bugali unapotaka kukandamizwa kwa nguvu zote, nguvu hazikuja. Alikandamiza, akakandamiza tena. Alijua umetoka na madonge. Emérithe aliyaona, Nicole aliyaona, wakapakua.

Ukumbini walipiga vigelegele sinia lilipoingia. Hortense alimega tonge, akalifinyanga kwa vidole vilivyovimba, akamlisha Darlène. Msichana akatafuna, na meno yakakuta unga mbichi. Watu wa meza ya mbele waliona mataya yakisita.

Hortense akawageukia wote. "Una madonge," akasema kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. "Mikono yangu inauma na hakuna mafuta yaliyoiponya. Nimesonga mimi. Kuleni."

Darlène alimeza, akafungua mdomo tena.