Ndoo ya Machicha

Mume wangu alikata kauli tukiwa tunakula: safari hii nguruwe akiwalalia watoto tena, Krismasi haioni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akifoka ujue yataisha palepale. Akisema taratibu huku anamega tonge, ujue ameshaamua.

Katika uzao wake wa kwanza nguruwe wangu hakubakiza hata mtoto mmoja. Aliwalalia wote. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwetu Kibakwe nikimuuguza mama yangu, na niliporudi nikakuta banda limefagiliwa na mume wangu hataki hata kuzungumza habari zake. Nilimtetea. Nikasema alikuwa mgeni wa uzazi, hata sisi wanawake mtoto wa kwanza tunamshika kwa kutetemeka.

"Mbona wewe hukumlalia wetu?" akaniuliza.

Nikachukua ndoo, nikaenda kumpa nguruwe wangu maji.

Mwenye kijiwe cha kitimoto, nyama ya nguruwe ya kuchoma, hapa mtaani kwetu Miyuji akapata habari, sijui kwa nani. Akapita nyumbani eti anasalimia. Akaegemea ukuta wa banda, akanyoosha mkono, akampapasa nguruwe wangu mgongo kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Huyu ana nyama, shemeji," akasema. Nikamwambia huyu ana mimba, na mkono wake autoe mle kabla sijammwagia maji ya pumba. Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nilipiga deki banda mpaka sakafu ikatoa rangi yake, nikapaka kuta chokaa. Nilimbembeleza mume wangu mpaka akapigilia miti kuzunguka ukuta, juu kidogo ya sakafu, ili mama akijitupa upande ule watoto wabaki na upenyo wa kukimbilia. Nikaagiza majani makavu ya mpunga kutoka Bahi, yakaja yamefungwa nyuma ya bodaboda, nami nikayakatakata mafupi kwa panga, maana marefu humnasa mtoto miguu. Nikamwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tumbo na chuchu zote, naye amelala anaguna kwa raha kama bibi harusi anayesingwa. Bwana mifugo alikuwa ameniambia zikikaribia siku zake nimpunguzie chakula, asijaze tumbo wakati wa kuzaa. Nikapunguza pumba na mashudu, maji nikamwachia tele.

Hapo ndipo tulipogongana na mama mkwe.

Mama mkwe tunaishi naye. Ni Mgogo hasa, mwanamke aliyezalisha wenzake kijijini kwao kabla zahanati haijajengwa. Huyo nguruwe alimpenda kuliko alivyotaka tujue. Kila asubuhi alikuwa anasimama mlangoni mwa banda na kumwamkia, "Mbukwa!" kisha anaguna mwenyewe kwa niaba yake, halafu anaendelea na shughuli zake. Sasa alipoona bakuli la chakula limepungua, uso ulimbadilika.

"Unamnyima mzazi chakula? Huko kwenu Kibakwe ndivyo mnavyofanya?"

"Mama, ni agizo la bwana mifugo."

"Bwana mifugo amezaa lini?"

Nikachukua bakuli, nikaenda kuliosha. Na mama mkwe utabishana vipi?

Siku yenyewe ilikuwa na lile joto la Novemba la kusubiri mvua, mabati yanalia yenyewe juu ya paa. Asubuhi nilipominya chuchu, maziwa yakatoka. Nguruwe wangu hakutulia, anabeba majani kwa mdomo, anayapanga pembeni, anayavuruga, anayapanga upya. Nikajua ni leo, nikampigia simu mume wangu, aliyekuwa ameshakwenda kwenye kazi yake ya useremala. Nilikuwa ninazunguka banda kama vile ninazaa mimi. Na bomba nalo, mwana wa hasara, halikutoa hata tone, na pipa lilikuwa limekauka. Bila maji kwenye joto lile mnyama mwenye uchungu anaweza kukufia mikononi.

"Mama, naenda kuomba maji mtaa wa pili. Naomba umwangalie. Asipewe kitu mpaka nirudi na maji."

"Haya, nenda."

Nilichelewa, maana kulikuwa na foleni. Niliporudi na ndoo kichwani, harufu ya pombe ilinipokea getini. Nikatua ndoo, nikakimbia bandani. Nguruwe wangu amelala ubavu, mdomo wazi, anakoroma. Anakoroma, jamani! Na nyuma yake mtoto ameshatoka, amelowa, anatafuta njia kwa pua. Pembeni kulikuwa na ndoo iliyolambwa hadi inang'aa.

"Nimempa machicha kidogo," mama mkwe akasema. "Jirani kachuja pombe yake ya mtama. Machicha yanaleta maziwa, hata sisi tulipewa tukijifungua."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaitazama ndoo. Nami nikaitazama.

"Mama, umemlewesha! Umemlewesha siku ya kuzaa!"

Nilimpigia kelele mama mkwe wangu. Sijawahi, na sikudhani ningeweza. Alifunika mdomo kwa kiganja kama mtoto mdogo. Lakini nguruwe alikuwa ameanza kujigeuza, mzimamzima, na yule mtoto yuko palepale chini ya mgongo. Niliruka ndani na kandambili zangu, nikamvuta mguu, nikamchomoa. Mgongo ukatua alipokuwa. Nilibaki nimemkumbatia kifuani.

Mama mkwe akavua kanga ya mabegani, akaingia nyuma yangu, akapiga magoti kwenye majani. "Wewe mzuie asijigeuze. Mimi nitawapokea. Kazi hii naijua."

Tukafanya hivyo. Nilichukua ubao uliobaki kwenye kazi ya mume wangu, nikaukandamiza mgongoni mwa nguruwe, magoti yangu yakiutegemeza, jasho likiniingia machoni. Kila alipotaka kujirusha nilisukuma na kumtukana, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamtukana tena. Mama mkwe alipokea watoto mmoja baada ya mwingine, akawafuta pua, akawafunga kitovu kwa uzi, akawalaza kwenye kapu. Katikati hapo simu yangu ikaita. Nilijua ni mume wangu anauliza. Sikupokea.

Mmoja tulimkosa. Mama yake aliinuka ghafla kwa miguu ya mbele, macho hayaoni, akaanguka upande ambao hatukuutarajia. Haikusikika hata sauti. Mama mkwe alimtoa, akamshika kwenye viganja muda mrefu mno.

"Mama, mwache huyo. Kuna mwingine anakuja."

Akamlaza pembeni, mikono yake ikarudi kazini.

Walipokwisha kutoka wote, tuliwaweka kwenye chuchu wanyonye huku tumewashikilia, mama yao bado anakoroma. Kisha tukawarudisha kapuni. Jua lilipoanza kulegea akazinduka. Alikaa kama mbwa kwanza, akatikisa masikio, akasimama. Akanywa karai zima la maji bila kuvuta pumzi. Kapuni watoto wakalia, naye akageuza kichwa.

"Tuwaachie," mama mkwe akasema.

"Hapana! Mama, hapana."

"Tutawashika mpaka lini?"

Alisema kweli. Nikatoa mmoja, nikamweka chini, kisha wengine. Nikasimama na ubao wangu kama askari mgambo. Nguruwe akawanusa mmoja mmoja. Akawasogeza kwa pua, taratibu, wote upande mmoja. Akapiga magoti ya mbele, akasubiri. Aliyebaki nyuma akamsukuma naye. Ndipo akajishusha, polepole mno, mgongo ukiteleza kwenye ile miti ya mume wangu. Hakulia hata mmoja. Akaanza kuguna ile sauti ya kuitia maziwa, nao wakajipanga.

Mimi nililia huku nacheka. "Umeona, mama? Umeona anavyolala?"

Hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ile ndoo ameigeuza, kanga yake imelowa damu, anamtazama nguruwe.

"Hata ile mara ya kwanza nilimpa," akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Wewe ulikuwa kwa mama yako. Niliona anahangaika peke yake, nikamhurumia. Nikampa, nikaenda kulala mchana."

Hasira yote niliyokuwa nayo tangu mchana niliitafuta sikuiona. Nikabaki naye pale, tunasikiliza watoto wakinyonya.

Kisha akaninyooshea mkono. "Nipigie mwanangu."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikamsogezea simu mdomoni. Mume wangu hata salamu hakutoa.

"Kawalalia?"

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "yule mtu wako wa nyama mwambie asije. Mama huyu hajawahi kuua mtoto. Nimewaua mimi."

Upande wa pili tulisikia tu mafundi wenzake wakigonga misumari.