Hasira Iliyoruka Nganda

Volkano ya mwisho iliteketeza nyumba kumi na moja za mstari wetu, kule upande wa Kibati. Nilizihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilitumaini yetu haimo. Kanisa letu la mbao nalo likaenda. Nganda, ile baa iliyobanana na kanisa ukuta kwa ukuta, haikupoteza hata kiti.

Tukahamia Mabanga. Kanisa likahamia pia, na pasta akaja na maelezo: moto ule ulikuwa hasira ya Mungu, na kila aliyeunguliwa na nyumba ana dhambi aliyoificha. Mpaka aiungame mbele ya watu wote, atakaa benchi la nyuma na Meza ya Bwana itampita. Mama yangu, mwimbaji wa kwaya tangu usichana, akapelekwa nyuma, katikati ya mlevi na mume wa wake wawili.

Miaka miwili mkate ukampita. Kisha akaanza kukohoa, na hofu yake ilikuwa moja tu: kufa bila kusamehewa. Basi nikaenda kwa pasta. Mimi nauza viatu vya mitumba. Bei ya kwanza siikubali, hata ikitoka mbinguni.

"Pasta, hiyo hasira ilikuwa na adresi?"

"Mutoto wangu, Mungu hachomi bure."

"Na kanisa yako?"

"Ile ilikuwa jaribu."

"Na nganda?"

"Wale wameachiwa nafasi ya kutubu."

Moto mmoja, bei tatu. Sokoni tungemzomea.

"Punguza basi, pasta. Aungame mbele ya wazee wawili."

"Kanisa yote."

"Haya, lakini zambi moja. Ndogo."

"Moja," akasema, kwa uso wa mtu anayekula hasara.

Nikarudi nyumbani nikijisifu. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Mama, chagua tu. Sema ulimusengenya jirani."

"Jirani alishanisamehe, kitambo."

"Basi tunga."

Akaniangalia kama mteja niliyemuuzia viatu viwili vya kushoto. "Weye! Nimudanganye Mungu ili anisamehe?"

Jumapili akasimama. Pasta alishatoa leso ya kujipangusa jasho.

"Nimetafuta zambi ya ule moto, sikuiona," Mama akasema. "Ila iko ingine. Toka siku ile namukasirikia Mungu. Naimba na mudomo, moyoni nimenuna. Hiyo ndiyo naomba anisamehe."

"Mama, hiyo imekuja nyuma ya moto, haikuuleta!" pasta akasema.

"Ndiyo, pasta. Ingine sina."

Nikapaza sauti kutoka mlangoni: "Tulisema moja!"

"Moja ni moja, pasta!" wakadakia wamama wa kwaya, na mmoja akaja kumshika Mama mkono.

Pasta akammegea kipande kidogo kuliko vya wengine. Nilikipima kwa macho, nikakipima tena. Mama hakupima. Alikila polepole, akafuta vidole, akaenda kukaa mbele, akaanza kuimba kabla kwaya haijaambiwa.