Unyayo Usio na Tao

Maumivu yalianza Jumatano ya juma la pili la Februari, asubuhi, nilipokuwa nikipanda ngazi kutoka nyumbani kwenda darasani. Nina mazoea ya kushika siku. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa tayari mama wa watoto watatu huziheshimu tarehe, kwa kuwa anajua ilivyo kuishi bila kuweza kuziandika. Leo ni mimi ninayewafundisha watu wazima wenzangu kusoma, na kila somo huanza kwa tarehe ubaoni.

Nyumba yangu iko Remera, kwenye mteremko ulio chini ya Gisimenti, na kati ya mlango wangu na barabara hakuna njia ila ngazi za mawe. Marehemu mume wangu na mimi tulizipanga kwa mikono yetu mwaka tuliorejea kutoka ukimbizini Karagwe. Nimezipanda nikiwa mjamzito, nikiwa na gunia la makaa kichwani, nikiwa katika mavazi ya msiba. Sikuwahi kufikiri kwamba zingekuja kutumiwa kama ushahidi dhidi yangu.

Kwanza niliumwa upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa kushoto, mahali ambapo mfupa hutokeza. Kufikia Kwaresima maumivu yalikuwa yamehamia gotini, na huko ndiko nilikopaka dawa ya kuchua. Baada ya Pasaka nilikuwa nikishuka kwa ubavu, mkono ukutani. Binti yangu mkubwa, aliyekuja kunitembelea Jumatatu ya Pasaka na kubaki ndani nilipokwenda dukani, alinisubiri mlangoni.

"Mama, umeshukaje?"

"Kama kawaida."

"Nimekuona dirishani. Umeshuka kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa."

"Kama umeniona, unaniuliza nini?"

Hakucheka. Yeye anaishi Gahanga, kwenye kiwanja tambarare ambako mtu hutoka kitandani hadi getini bila kuinua goti, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa amenitengea chumba na kukipaka rangi. Sikuwa na ugomvi na chumba kile. Ugomvi wangu ulikuwa na ile hali ya kuomba chumvi katika jiko la mtu mwingine, hata kama mtu huyo nilimzaa mimi.

Katika ukoo wetu jambo kama hilo haliamuliwi kwenye simu. Watu hukaa, kila mmoja husema, kisha mmoja hutoa neno la mwisho. Tangu mume wangu afariki, neno la mwisho ni la shemeji yangu, mdogo wake, mwenye duka Kabuga. Binti yangu alimwomba apange kikao, naye akapanga Jumamosi ya mwisho ya Mei, nyumbani kwangu, baada ya umuganda. Asubuhi hiyo mji mzima huwa kwenye kazi ya pamoja ya mtaa, maduka yamefungwa, na hakuna anayeweza kusingizia shughuli. Ajenda ilikuwa moja: nipangishe nyumba, nihamie Gahanga.

Kila niliyekutana naye alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa umri. Muuguzi wa kituo cha afya alinibonyeza goti, akanipa vidonge. Niliporudi mara ya pili aliniandikia niende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilikwenda Jumanne ya juma la tatu la Mei, huku kikao kikiwa kinakaribia.

Mvua ilikuwa imenyesha. Nilifanya kama tunavyofanya wengi wetu hapa: nilitembea na ndala za plastiki hadi mlango wa kliniki, nikapangusa miguu kwa kitambaa, nikavaa viatu vyeusi vya kanisani, na ndala nikazificha mfukoni mwa kikapu. Sikutaka mtu aliyesoma anione nikiwa na tope.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alikulia Goma, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Mama, karibu. Unaumwa wapi?"

"Goti."

Aliangalia chini. "Hii viatu unavaaka kila siku?"

"Hivi ni vya Jumapili."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumanne," nilisema, na hapo nikaona kwamba ananitania.

Alitaka kuona vile vya kila siku. Nilimweleza kwa fahari kidogo kwamba hata angeviona visingemfaa kitu, kwa sababu viatu vyangu vya darasani viko sawasawa. Sijawahi kusimama mbele ya wanafunzi na kisigino kilicholala upande. Kila kikilala, fundi wa viatu hukisawazisha.

"Kinalalaka upande gani?"

"Wa ndani."

Aliweka kalamu mezani. "Basi yule fundi anakufutiaka ugonjwa kila mara. Na kwa kikapu iko nini?"

Nilitaka kusema hakuna kitu. Nilizitoa ndala, tope na yote, nikatazama pembeni wakati akizigeuza. Upande wa nje, mistari ya soli ilikuwa bado inaonekana kama siku niliyozinunua. Upande wa ndani, hasa wa kushoto, plastiki ilikuwa imekwisha hadi karibu kutoboka. Alinishikisha kidole pale. Nilikuwa nimeyakanyaga maelezo ya ugonjwa wangu miezi mitatu, nikiyasafisha kila jioni kwa brashi na sabuni.

Kisha akanisimamisha pekupeku sakafuni, akajaribu kuingiza kidole chini ya unyayo wangu, hapo katikati ambapo miguu ya wengi huacha nafasi. Hakikuingia. Akasimama nyuma yangu, akapiga picha kwa simu, akanionyesha: visigino vimeinamia ndani, vifundo vimetokeza, kama watu wawili wanaotaka kunong'onezana. Akaniambia ninyanyuke kwa ncha za vidole, miguu yote miwili, nikishika meza. Akapiga picha nyingine. Hapo tao lilikuwepo. Dogo, lakini lilikuwepo.

"Umeona? Tao iko. Ukisimama, inalala."

Halafu mguu mmoja mmoja. Wa kulia ulinyanyuka. Wa kushoto nilijaribu mara kadhaa, na kisigino hakikuachana na sakafu. Nilishangaa kuliko nilivyoona aibu, maana sikujua kama kuna kitu rahisi namna ile ambacho mwili wangu umekisahau bila kuniarifu.

Alinieleza bila haraka, nami niliyaandika maelezo yake jioni ile ili nisiyapoteze. Watoto wadogo karibu wote wana unyayo bapa. Kwa wengi tao hujijenga wanapokua, kwa baadhi halijijengi, na wengi wa hao huishi maisha yao yote bila kuumwa. Unyayo bapa peke yake si ugonjwa. Lakini kuna mshipa mgumu, kano, unaoshuka nyuma ya kifundo upande wa ndani na kushika tao lisianguke. Kwangu mimi kano hiyo imefanya kazi kwa zamu mbili tangu utotoni, kwenye njia za Karagwe, kwenye mteremko huu, na miaka yote niliyosimama mbele ya ubao. Sasa imechoka. Inapochoka, unyayo hulala zaidi, kifundo huanguka ndani, mfupa wa muundi hujizungusha kukifuata, na goti hulazimika kukunjika upande ambao halikuumbiwa. Kwa wengine safari hufika hadi nyongani na kiunoni. Alinifananishia na nyumba: kona moja ya msingi ikizama, mlango wa juu ndio unaokataa kufunga, na mwenye nyumba huhangaika kuranda mlango.

Nilimwuliza swali ambalo ndilo lililonileta. Nilimwambia nyumba yangu ina ngazi, na kwamba wanataka kunihamisha.

"Nani amesema ngazi ni mbaya?"

"Wote."

"Siku za kwanza, panda polepole, shika ukuta, usibebe mzigo. Mguu ikipata nguvu, mazoezi yenyewe utafanyia kwa ngazi." Alinionyesha: vidole kwenye ukingo, kisigino hewani, juu, chini, taratibu. "Tao ya msichana siwezi kukurudishia. Lakini kuhama, mimi sijasema."

Nilikaa kwenye benchi lake kwa muda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Nilimwomba maji.

Masharti yake mengine yalikuwa mepesi, isipokuwa moja. Nivae viatu vyenye kisigino kigumu cha nyuma na kitambaa kinene cha ndani chenye kuinua tao, ambacho alinipimia. Ninyooshe misuli ya vigimbi asubuhi na jioni. Na nisitembee pekupeku kwenye saruji, hata ndani. Hilo la mwisho lilinishinda kumeza. Katika nyumba yangu viatu hubaki mlangoni. Padri alivivua, balozi wa mtaa alivivua. Nilinunua jozi mpya isiyowahi kukanyaga nje, nikaivaa ndani nikijisikia kama mgeni asiye na adabu.

Jumamosi ya kikao shemeji alifika na tope la umuganda hadi magotini, akanawa bombani, akaingia pekupeku. Alinitazama miguuni.

"Shemeji, sheria imebadilika na hatukutangaziwa?"

"Imebadilika kwa mtu mmoja tu. Wewe kaa."

Binti yangu alisema yake, kwa heshima, na alikuwa amejiandaa. Ilipofika zamu yangu nilieleza yote niliyoelezwa. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Mama, sisi tunazungumza habari za goti, wewe unatuletea unyayo."

"Goti limesingiziwa, mwanangu. Mwenye kosa anakaa chini yake."

Shemeji akaanza kucheka peke yake. "Kaka aliwahi kuniambia jambo hili. Alisema, nimeoa mwanamke ambaye mguu wake haumwachii siafu nafasi ya kupita. Tena alisema kwa kujisifu."

Sikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo. Nililazimika kutazama dirishani kidogo. Niliporudisha macho, binti yangu alikuwa ameinua unyayo wake mwenyewe juu ya goti na anauchunguza, uso umekunjamana.

"Na wangu?" aliuliza.

"Simama tuone," nikamwambia.

Alisimama. Kidole changu hakikuingia. Nilimwambia anyanyuke, akanyanyuka vizuri, tao likajitokeza pande zote mbili, na nikamweleza kwamba kama haumwi, hana la kutibu. Alikaa chini, na hapo ndipo alipolisema lililokuwa likimsumbua, ambalo halikuwa goti wala unyayo.

"Ukianguka asubuhi kwenye zile ngazi, Mama, mimi nitajua jioni."

Nilimwambia kwamba nitampigia simu kila nikifika barabarani, na kila nikirudi chini. Yeye akasema ataisubiri simu hiyo. Shemeji akatukatiza kwa sauti ya kikao.

"Nimesikia. Mama wa nyumba hii anabaki katika nyumba hii. Mimi nitaleta fundi wa kuchomelea, aweke chuma cha kushikilia kuanzia juu hadi chini. Mwezi wa kumi na mbili tutakaa tena. Kama hawezi kupanda, atahama, na hatutaki kusikia hotuba. Shemeji, umekubali?"

"Nimekubali."

"Binti?"

Aliitazama tena miguu yangu. "Nimekubali."

Chuma kiliwekwa Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kitambaa cha ndani ya kiatu kilinichubua kwa siku za mwanzo, kisha nikakizoea. Mapema Septemba, nikiwa nimeshika kile chuma, kisigino cha kushoto kiliachana na jiwe kwa mara ya kwanza; si juu sana, unene wa daftari labda, lakini nilikaa palepale kwenye ngazi nikampigia binti yangu, ingawa haikuwa saa yake ya kupigiwa. Maumivu hayakuisha yote. Siku za baridi kifundo hunikumbusha. Goti limenyamaza.

Kikao cha pili kilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Nilisikia gari la shemeji na binti yangu barabarani, nikapanda kuwapokea. Walikuwa wamesimama juu wakinitazama, wote wawili, hadi nikafika na kuwakumbatia. Shemeji alinipa mfuko wa mchele nimshikie, kisha akaona anachofanya, akaurudisha mkononi mwake. Tulishuka tukizungumza habari za mvua. Tulikula. Binti yangu alitaja, kama jambo la kupita, kwamba watoto wake wawili wakubwa wameanza kulala katika kile chumba, maana walikuwa wakibanana. Nikasema ni vizuri, watoto wanahitaji nafasi. Hakuna aliyefungua kikao.