Mikeka Tisa ya Kuazima

Nakumbuka vizuri, mwanangu, walivyonicheka hapa Nyacheki nilipotangaza kwamba nitafundisha yoga. "Mtu anayechuma majani chai tangu alfajiri, utamfundisha kuinama?" jirani mmoja aliniuliza, na wenzake wakasema sitamaliza mwezi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nilitoka hapa na viatu vya ndugu yangu, nikafagia vyumba vya hoteli Mombasa mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma yenye muhuri. Hakuna aliyenishika mkono. Nisiposema mwenyewe, nani atasema?

Lakini diploma haikuja na mikeka. Nilizunguka kwa majirani nikaazima tisa, nikaitandika katika ukumbi wa chekechea. Wakaja watu tisa, wakidhani tutaketi na kusikiliza tu. Mbele nikamweka Kemunto, mama kijana ambaye kikapu cha majani chai kilikuwa kimemharibu mgongo, hata hawezi kumbeba mwanawe. Nyuma yake nikamweka Mzee Ombati, baba wa mume wake. Kisha, kwa sauti ya watu wa hoteli za Mombasa, nikasema, "Inameni, mikono chini, viuno juu."

Kemunto hakuinama, alijifunika uso kwa leso. Mzee Ombati akageukia ukuta, akavaa kofia yake, akatoka. Kwetu Ugusii, baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka yao. Haya hiyo tunaiita chinsoni, nami niliijua tangu utotoni. Niliisahau kwa sababu huko nilikosoma watu hupangwa kwa urefu. Mmoja mmoja wakatoka wote, nikabaki na mikeka ya watu. Kemunto alituma neno kwamba harudi, heri mgongo uendelee kumuuma.

Nyanya yangu Bosibori alisikia. Hakunifokea. Alikuwa akimenya ndizi, akaendelea kumenya.

"Mjukuu wangu, hiyo karatasi imekufundisha mifupa yote. Haikukufundisha nani asimame nyuma ya nani."

"Basi nirudi Mombasa?"

"Ukafagie? Nenda kwa Ombati. Na usianze kumweleza habari za mifupa."

Nilienda. Nilisimama nje ya boma lake mpaka aliponiita; alichelewa makusudi, najua. Nikamwambia nimekosa, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu si rahisi.

"Mimi pia mgongo unaniuma, kijana," akasema. "Lakini siwezi kuuponya kwa kumwaibisha mama wa wajukuu wangu. Sisi wazee umetuwekea siku gani?"

Mwanangu, pumzi niliyoishusha pale sijaweza kuifundisha darasani hadi leo.

Tangu hapo akina mama huja Jumanne, wazee Alhamisi, na siku ya Sabato hakuna anayenyoosha hata kidole. Kemunto alirudi. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, nilimwona akipanda kilima, mwanawe mgongoni, akiimba.

Nilipopata mikeka yangu, nilirudisha ile tisa nyumba kwa nyumba, imefuliwa na kukaushwa. Wa mwisho ulikuwa wa Mzee Ombati. Aliukunjua, akaukagua pembe zote nne.

"Walisema utatoroka nao," akasema. "Keti, unywe chai."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Kosa langu halikunifukuza kwetu. Kiburi cha kutolikiri ndicho kingenifukuza. Ujuzi ulioutafuta mbali ni jasho lako, jivunie, mimi sitakukataza. Ila kabla hujamwambia mtu ainame, tazama aliyesimama nyuma yake. Na kila ulichoazima, hata mkeka uliochakaa, ukirudishe kikiwa safi kuliko ulivyokipokea.

Mungu akunyooshe mgongo, akulainishe shingo, na ukikosea, akupe mlango wa jirani usiochelewa kufunguliwa.