Tofali Nililomrushia Namsifu

Harufu ya matofali ya kuchoma yaliyonyeshewa hunikuta katika kila mji ninaohamia, na nimehama mingi. Nikiinusa tu, narudi Chome, kijijini kwetu mlimani, kwenye msaragambo wa kujenga zahanati.

Kwa msioujua, msaragambo ni kazi ya kijiji kizima: pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa watu. Siku ile tulijipanga mstari mteremkoni, matofali yakirushwa mkono kwa mkono hadi juu, maana gari halikuweza kupanda. Sisi wa mlimani tulijua namna ya kuyapokea tangu wadogo. Tofali likifika hulizuii. Unarudisha mikono nyuma, unakwenda nalo kidogo, ndipo linatulia.

Namsifu, binti wa shangazi yangu, hakujua. Alitoka Maore kuja kusoma kwetu, na kule tambarare matofali hubebwa na punda.

"Mfundishe mwenzio kwanza," mama aliniambia.

Sikumfundisha. Darasani alinishinda kila mtihani, nami nilitaka achekwe, walau mara moja.

"Mtu wa punda, uko tayari?"

"Rusha bwana, maneno ya nini!" Alikuwa amekaza mikono kama ukuta.

Nikarusha. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjika. Vidole viwili, mkono wa kulia.

Mama alikuja mbio. "Ulimwonyesha?"

"Ndiyo, mama."

Namsifu aliniangalia, kisha akaukumbatia mkono wake kifuani.

Wiki iliyofuata tulifanya mtihani wa darasa la saba. Aliandika kwa mkono wa kushoto, na muda ukaisha akiwa katikati ya karatasi. Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari. Yeye akarudi Maore kulima mpunga.

Kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba kitu kinachosimamishwa hupoteza momenta, yaani msukumo wa mwendo wake, kiasi kilekile, kisimame ghafla au polepole. Ila muda ukiwa mfupi, kani, ile nguvu ya kishindo, inakuwa kubwa. Ukiurefusha, kani inapungua. Wenzangu walinakili. Mimi niliweka kalamu chini. Somo lile nilikuwa nalo mikononi siku ya msaragambo, nikamnyima aliyelihitaji.

Mwaka jana nilishuka Maore kuungama. Nilimkuta Namsifu akianika mpunga, vile vidole viwili havikunjiki. Nikamwambia kwamba sikumfundisha makusudi, ili achekwe.

"Nilikusikia ukimdanganya mama yako," alisema. "Nilingoja useme. Halafu nikachoka kungoja."

Nilidhani miaka thelathini ingekuwa imepunguza kishindo. Tofali hupungua nguvu likipewa muda. Neno nililolificha lilimfikia na uzito wake wote.