Kilichonyooka Kimelazwa na Mtu

Zamani mtu alishika kazi mpaka kazi nayo ikamshika. Siku hizi mashine inachora picha, nyekundu hapa, buluu pale, na watu wanaamini rangi. Shangazi hakuwa wa namna hiyo.

Kikosi kizima kilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alitafuta shaba kwa umeme. Vigingi vya chuma vilipigiliwa ardhini, vikamwagiwa maji ya chumvi, nyaya zikaunganishwa, umeme ukapitishwa, kisha ukakatwa. Hapo ndipo alipokaza macho kwenye mashine yake ya kupimia. Ardhi tupu huuachia umeme mara moja. Yenye madini huung'ang'ania kidogo, kama mgeni asiyetaka kuachia mkono baada ya salamu.

Miezi ilipita, ardhi bubu. Bosi akapiga simu: wasipompa mahali pa kutoboa kufikia Ijumaa, kambi inafungwa, kila mtu kwao. Jumatano, kwenye shamba kubwa lililotelekezwa, ardhi ikaung'ang'ania umeme kwelikweli.

“Shemeji, tumepona,” alisema mdogo wa marehemu mumewe, mvuta nyaya, mtu wa maneno mengi. “Mpigie bosi, kabla shaba haijabadili mawazo.”

“Imekaa humo tangu dunia iumbwe, itakimbilia wapi leo? Tupime tena, kwa kukatisha upande wa pili.”

“Tena? Mgongo huu si wa punda.”

“Punda asingelalamika.”

Walinung'unika, lakini waling'oa vigingi. Kila walipokatisha, mashine ilionyesha kitu kilekile: chembamba, kinafuata ukingo wa shamba kama kimepigwa rula. Shangazi akakaa chini. Wote walikuwa wakimtazama mdomo, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na sufuria jikoni.

“Mwamba haunyooki hivi,” alisema mwishowe. “Kilichonyooka hivi kimelazwa na mtu. Leteni jembe.”

Hawakuchimba sana. Jembe likagonga bomba kuukuu la maji, chuma kilicholiwa na kutu, lililosahauliwa na wenye shamba.

“Tulifukie,” shemeji yake alisema, safari hii bila mzaha. “Mpaka waje watoboe, tutakuwa tumekula mshahara wa mwezi mwingine.”

“Nikishaisingizia mashine hii uongo, siku ikisema kweli nani ataniamini?”

Akapiga simu palepale, mbele ya wote.

“Hapana kitu, bosi. Ni bomba.”

Bosi akauliza kama ana hakika.

“Nimelikanyaga hapa.”

Ijumaa kambi ikafungwa. Hakuna aliyemshukuru, nani humshukuru mtu kwa kumnyima kazi? Shemeji yake hakumsemesha asubuhi nzima. Lakini nyaya alizikunja alivyofundishwa, pete juu ya pete, bila fundo hata moja, ustadi ambao leo umekufa na wenyewe.

Gari la kumrudisha Shangazi lilipowashwa, shemeji yake akainama dirishani.

“Shemeji, ukiitwa kazini popote, usije ukachukua mvuta nyaya mwingine.”

“Na mgongo?”

“Utazoea.”